Sensi ya mausi kwenye gemu za kushuti: maswali yanayoulizwa kila siku

Maswali haya yanarudi kila mara, na majibu mengi yanayozunguka ni namba tupu, weka 0.4, weka 800, bila mtu kueleza hiyo namba inafanya nini mkononi mwako. Msimamo wangu ni mmoja: sensi ni umbali. Ni sentimita ngapi mkono unasafiri ili mchezaji wako ageuke mzunguko mzima, na ukishaanza kuipima kwa rula mabishano mengi yanaisha yenyewe. Nazungumzia gemu za kushuti ambazo unaona kwa macho ya mchezaji mwenyewe, CS2 (Counter-Strike 2), Valorant, Apex Legends, Overwatch na nyingine za aina hiyo.

DPI na sensi ni kitu kimoja?

Hapana, ni viwili vinavyozidishana. Mausi haijui sentimita, yenyewe inatuma hatua ndogo ndogo tu kwenye kompyuta, na DPI ni idadi ya hatua inazotuma ukiisogeza inchi 1. Mausi ya DPI 800 ikisogea inchi 1 inatuma hatua 800. Afu gemu inapokea zile hatua na kuamua kila moja imgeuze mchezaji digrii ngapi, hiyo sasa ndo sensi unayoiweka ndani ya gemu. Kwa hiyo mtu akikwambia "natumia sensi 2" bila kutaja DPI hajakwambia kitu, na akikwambia "natumia DPI 1600" bila kutaja sensi naye ni vilevile.

eDPI je?

DPI mara sensi, basi. DPI 800 na sensi 0.35 inakupa eDPI 280. Inafaa kulinganisha watu wanaocheza gemu moja, ukivuka kwenda gemu nyingine haina maana kabisa, manake kila gemu ina kipimo chake. Kwenye CS2 ukiwa na sensi 1 kila hatua ya mausi inakugeuza digrii 0.022, Valorant ni digrii 0.07, Overwatch ni 0.0066. Ndo maana mtu wa Valorant mwenye eDPI 280 na mtu wa CS2 mwenye eDPI 890 wanaweza kuwa na mkono uleule, huku mmoja anamwambia mwenzake sensi yako iko juu sana.

Hiyo 0.022 ina historia ndefu kidogo. Imetokea kwenye Quake ya 1996, ikarithiwa na injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya Half-Life ya 1998, ikaingia Counter-Strike, na mpaka leo CS2 inaitumia. Apex Legends nayo imejengwa juu ya injini ya ukoo huohuo, kwa hiyo sensi yako ya CS2 ukiipeleka Apex inabaki namba ileile, hubadilishi kitu.

Napimaje hizo sentimita?

Chukua rula au futi ya fundi, iweke juu ya padi ya mausi. Ingia kwenye gemu sehemu ya mazoezi, tafuta kona ya ukuta au nukta yoyote iliyo wazi, weka krosheya, ile alama ya kulengea katikati ya skrini, hapo katikati kabisa. Mausi iwe mwanzo wa rula. Sasa vuta taratibu kwenda pembeni bila kuinua, bila kupinda, mpaka ugeuke mzunguko mzima na krosheya irudi palepale kwenye nukta. Soma rula. Kama imetoka sm 41, basi sensi yako ni sm 41, hiyo ndo namba ya kukumbuka maana ni ileile kwenye gemu yoyote. Sm nyingi maana yake sensi ya chini, sm chache sensi ya juu. Kama mzunguko hautoshei kwenye padi, pima nusu yake halafu zidisha mara mbili. Rudia mara kadhaa kwa sababu mkono huwa unaenda mshazari bila wewe kujua.

Ukipenda hesabu badala ya rula: gawanya 360 kwa DPI mara sensi mara ile namba ya gemu, unapata inchi, zidisha kwa 2.54 upate sentimita. Mfano CS2, DPI 800, sensi 1: 800 mara 0.022 ni 17.6, 360 ukigawa kwa 17.6 ni inchi 20.45, sawa na kama sm 52. Rula ina faida moja ambayo hesabu haina, inapima mausi yako halisi, na mausi nyingi DPI iliyoandikwa kwenye programu yake inapishana kidogo na ya ukweli.

Haya sasa, nianze na ngapi?

Inategemea gemu unayocheza inataka nini toka kwako. CS2 na Valorant ni gemu za kusubiri kona, adui anatokea sehemu unayoijua, risasi moja ya kichwa inamaliza kazi, kwa hiyo unachohitaji zaidi ni utulivu wa marekebisho madogo. Wachezaji wengi wa kulipwa kwenye CS2 wako eDPI 600 mpaka 1200, hiyo ni kama sm 69 mpaka sm 35. Valorant wengi wako 200 mpaka 400, yaani sm 65 mpaka sm 33 hivi. Unaona ni mkono uleule, namba tu ndo tofauti.

Apex na Overwatch mambo ni mengine. Watu wanaruka juu yako, wanapita nyuma, adui hafi haraka inabidi umshikilie na krosheya kwa muda, afu kila dakika unageuka nyuma, hapo sm 60 itakutesa. Wengi wanacheza kati ya sm 25 na 40.

Kama hujui kabisa pa kuanzia anza na sm 45 kwa CS2 na Valorant, sm 33 kwa zile za mbio kama Apex na Overwatch. DPI 800: CS2 weka 1.15, Valorant weka 0.36, Overwatch weka 5.2. Zitahisi nzito kama umetoka kwenye sensi ya juu, na hilo ni kawaida, zipe siku chache za kucheza kweli kabla hujagusa kitu. Halafu hapo ni mwanzo tu, kukaa hapohapo si lazima.

Padi yangu ni ndogo, nafanyaje?

Padi ndo inaamua kikomo chako, na hili watu hawalifikirii. Chukulia padi ya upana wa sm 45, mausi inakaa katikati, una kama sm 20 kila upande. Kugeuka nyuma ni nusu mzunguko, kwa hiyo ukiwa na sm 52 unahitaji sm 26 kwa mvuto mmoja, hazipo! Utainua mausi katikati ya kugeuka na huo ndo muda unaopigwa. Kwa padi hiyo baki chini ya sm 40, kugeuka nyuma kutakula chini ya sm 20. Ukitaka sensi ya chini kweli tafuta padi pana kwanza, zipo za sm 90 zinazokaa na kibodi juu yake, na kibodi isogeze au ilaze mshazari ikupishe. Nafasi ya mezani nayo angalia, padi kubwa kwenye meza iliyojaa vitu haisaidii.

Najuaje kama sensi yangu iko juu au chini?

Hapa ndo pa kukaa, ukipaelewa hapa huhitaji kumwuliza mtu sensi tena.

Usiangalie kama ulimpata adui au ulimkosa, angalia umekosa upande gani. Rekodi mechi zako, au cheza kwenye programu za mazoezi ya kulenga kama Aimlabs au KovaaK's, halafu tazama zile fliki, zile harakati za haraka za kurusha krosheya kwenda kwa adui. Kama mara nyingi krosheya inampita adui halafu unairudisha, sensi iko juu kwako. Kama inaishia kabla ya kumfikia halafu unaisukuma kumalizia, iko chini. Kama mara unapita mara unaishia njiani bila mpangilio, tatizo sio sensi, ni mkono bado haujazoea, na ukibadilisha namba hapo unajirudisha nyuma.

Kipimo cha pili hakihitaji programu yoyote. Simama mbele ya ukuta wenye nukta, weka krosheya juu yake, sasa tembea kushoto na kulia kwa vitufe vya A na D huku unajitahidi krosheya isitoke kwenye nukta. Ikitetemeka na kurukaruka pembeni ya nukta, sensi ni kubwa kuliko utulivu wa mkono wako. Ikibaki nyuma kila unapobadilisha upande, sensi ni ndogo au umeibana mausi kwa nguvu, legeza vidole kwanza ujaribu tena kabla hujalaumu namba.

Cha tatu, geuka nyuma kwa mvuto mmoja wa kawaida, usijinyooshe. Ukifika sawa, kama hufiki pandisha.

Ukishajua unaenda wapi badilisha kidogo, asilimia 5 mpaka 10 kwa mara moja, kutoka 1.2 kwenda 1.1 mfano. Usitoke 1.2 kwenda 0.6, hapo huwezi kujua kilichokusaidia ni nini, mkono unaanza upya kabisa. Halafu kaa na hiyo mpya wiki moja hivi, siku moja ya kushinda au kushindwa haikwambii chochote.

DPI 400, 800 au 1600, ipi bora?

Kwa kulenga, ukirekebisha sensi ili sentimita zibaki zilezile, karibu hakuna tofauti. DPI 1600 na sensi 0.5 ni sawa na DPI 800 na sensi 1. Ila DPI ya juu ina faida ndogo ya kweli: hatua ni fupi zaidi, kwa 400 mausi lazima isogee kama milimita 0.06 kabla haijatuma hatua ya kwanza, kwa 1600 ni kama 0.016, kwa hiyo ukianza kusogea taratibu kompyuta inajua mapema kidogo. Mi napendekeza 800 au 1600, na 1600 ina raha yake kwenye skrini kubwa maana mshale wa kawaida unatembea.

Kuna watu wanaogopa kuwa DPI ndogo inafanya krosheya iruke pikseli. Tuangalie kwa namba. CS2 kwenye skrini ya upana wa pikseli 1920, pikseli moja ya katikati ni kama digrii 0.08. Sensi 1 inageuza 0.022 kwa hatua, yaani hatua zaidi ya tatu ndani ya pikseli moja. Ungehitaji sensi kama 3.6 ndo hatua moja ifikie pikseli nzima. Kwa hiyo ukiwa na DPI 400 na sensi 2, huruki kitu.

DPI 16000 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kuuzia, usiifuate.

Akseleresheni nizime?

Zima. Kwenye Windows kuna chaguo limeandikwa "Enhance pointer precision" kwenye setingi za mausi, jina linavutia lakini kazi yake ni kufanya umbali wa mshale utegemee kasi ya mkono, ukisogeza haraka unaenda mbali zaidi kuliko ukisogeza polepole umbali uleule. Kwa anayejifunza hiyo ni mateso, mkono unashindwa kukariri. Toa hiyo tiki, na kile kitelezi cha kasi kiache katikati, alama ya 6 kati ya 11. CS2 inasoma mausi moja kwa moja bila kupitia hizo setingi, gemu zingine zina chaguo la kusoma mausi moja kwa moja, liwashe, lakini zima tu na ya Windows ili usibahatishe.

Nikiwa mkweli kwa pande zote, wapo wachezaji wazuri, hasa wa Quake, wanaotumia akseleresheni makusudi, na kuna programu kama Raw Accel ambayo unachora mwenyewe kasi iongezeke vipi. Hiyo ni tofauti maana wanajua inafanya nini. Kama ndo unaanza achana nayo.

Natoka CS2 kwenda Valorant, nahamishaje sensi?

Gawanya kwa 3.18. CS2 1.0 inakuwa Valorant 0.314, CS2 1.2 inakuwa 0.377. Kurudi, zidisha kwa 3.18. Kwenda Overwatch zidisha ya CS2 kwa 3.33. Apex ni ileile. Gemu nyingine yoyote pima kwa rula, badilisha sensi mpaka sentimita zifanane, dakika tano umemaliza.

Ila sio lazima zifanane. Kama unacheza Valorant na sm 50 afu Apex inakubana, weka Apex sm 35, ubongo unatofautisha gemu vizuri tu.

Nikivuta skopu (darubini ya bunduki) mausi inahisi tofauti, kwa nini?

Kwa sababu picha imekuzwa. Digrii zilezile ulizogeuka sasa zinachukua nafasi kubwa zaidi kwenye skrini, kwa hiyo gemu lazima ipunguze sensi, swali ni ipunguze kiasi gani. Kwenye CS2 skopu ya kwanza ya AWP, ile bunduki ya snaipa, inatoa mtazamo wa digrii 40 badala ya 90, na ukiacha setingi ya skopu kwenye 1 gemu inapunguza kwa 40 kugawa 90, yaani 0.44. Lakini ukuzaji wa picha katikati ya skrini hauendi kwa digrii, unaenda kwa tanjenti, na hesabu hiyo inatoa 0.364. Ukigawa 0.364 kwa 0.444 unapata 0.82, ndo maana utaona watu wengi wameweka 0.82 pale. Ukiweka hiyo, marekebisho madogo karibu na krosheya yanakwenda kasi ileile machoni ukiwa na skopu au bila. Wengine wanaona 1 inawafaa kwa fliki za mbali na snaipa, sawa pia, lakini kama hujawahi kujaribu 0.82 jaribu, mi naiona inatulia sana.

Nikibadilisha FOV (upana wa mtazamo) au nikitumia 4:3 ya kunyoosha, sensi inabadilika?

Sentimita hazibadiliki. Kinachobadilika ni macho. FOV pana inafanya vitu vya katikati vionekane vidogo na vya polepole, kwa hiyo sensi inahisi imeshuka. Ukinyoosha 4:3 kujaza skrini ya 16:9 picha inatanuka kwa theluthi moja upande wa mlalo, adui anaonekana mnene lakini pia anakatiza haraka zaidi, na mausi inahisi haraka kwa mlalo kuliko wima. Chagua FOV na mwonekano kwanza, sensi ndo ifuate, sio kinyume chake.

Poling reti niweke ngapi?

1000, yaani mara 1000 kwa sekunde. Hapo mausi inaongea na kompyuta kila milisekunde 1, ukilinganisha na 125 ambayo ni kila milisekunde 8. Za 4000 na 8000 zipo, lakini zinaipa prosesa kazi zaidi na kompyuta ya kawaida inaweza kupoteza fremu, na fremu zinazoyumba zinaharibu kulenga kuliko hizo sehemu za milisekunde ulizookoa.

Kiganja au mkono mzima?

Vyote. Kiwiko na bega vinabeba kugeuka kukubwa, kiganja na vidole vinamalizia. Ukiwa chini ya sm 30 kiganja kinafanya karibu kila kitu, ukipita sm 45 mkono lazima ushiriki, na mtu anayeshusha sensi huku bado kagandisha kiwiko pembeni ya meza ndo huyo anasema sensi ya chini haifanyi kazi. Shusha kiti au pandisha mpaka mkono ulale mezani bila bega kupanda.

Na kiganja kikianza kuuma, acha. Usiseme nimalizie mechi hii. Maumivu ya kiganja yanayokuja kila ukicheza mara nyingi yanataka sensi ishuke kidogo ili mkono usaidie, mshiko ulegee, na mapumziko. Vidole vikifa ganzi au maumivu yakabaki hata ukiwa hujacheza, nenda kwa daktari.

Nikibadilisha sensi napoteza mazoea yote?

Hapana. Ujuzi mwingi wa kulenga ni kusoma adui anakwenda wapi, kuweka krosheya mahali sahihi kabla hajatokea, kujua lini usimame kabla ya kupiga, na hivyo havijali sensi. Mkono unazoea badiliko dogo ndani ya muda mfupi tu. Kinachoua ni kubadilisha kila baada ya kushindwa mechi.

Niige sensi ya pro ninayempenda?

Iige kama mahali pa kuanzia, geuza kwanza iwe sentimita, na angalia ana padi ya upana gani na anakaaje. Anayevuta sm 65 ana meza nzima ya kusogeza mkono, wewe una nafasi ya daftari, haiwezi kukaa.

Kuna siku sensi ileile inahisi haraka, siku nyingine nzito, kwa nini?

Padi ya kitambaa ikipata jasho au hewa ya unyevu inakuwa nzito, ikichakaa katikati inateleza sehemu moja na kukwama nyingine, isafishe. Kiti kikiwa juu au chini pembe ya kiwiko inabadilika. Fremu zikishuka kutoka 200 hadi 90 mausi inahisi imechelewa hata kama haijaguswa. Na kama programu ya mausi imejiapdeti angalia DPI haijabadilika, au kidole kimebonyeza kile kitufe cha DPI kilicho chini ya gurudumu bila wewe kujua, hii inatokea mno, futa DPI zote kwenye programu ubaki na moja tu.

Nimenunua mausi mpya, nimeweka DPI ileile lakini haiko sawa.

DPI ya kwenye programu na ya ukweli zinaweza kupishana kidogo kati ya mausi na mausi. Pia sensa, lile jicho la chini ya mausi, inaweza kuwa imekaa mbele au nyuma zaidi, na ukizungusha kiganja sensa ya mbele inasafiri umbali mrefu zaidi, kwa hiyo inahisi haraka. La kwanza linatibika: pima ya zamani, pima mpya. Kama ya zamani ilikuwa sm 40 na mpya imetoa sm 38, zidisha sensi yako kwa 38 halafu gawanya kwa 40. La pili halina hesabu, ni mkono kuzoea tu, au sogeza mshiko wako kidogo mbele au nyuma mpaka ukae.